Mgeni Asiyedungwa Sindano

Nikiwa mtoto kule Saboti, surua haikuitwa surua ikishaingia nyumbani. Iliitwa mgeni. Ungeweza kuitaja kwa jina lake ikiwa kwa jirani, au njiani mkitoka kanisani, lakini ikishafika kwenu ulimi ulifungwa. "Tuko na mgeni," watu waliambiwa langoni, na kila mwenye akili alirudi zake. Hakuna aliyekaanga kitunguu katika nyumba hiyo, kwa sababu mgeni hapendi harufu ya mafuta. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Mtoto alipakwa machicha ya busaa, pombe yetu ya nafaka, mwili mzima, akanyweshwa uji mwepesi wa wimbi, akalazwa kwenye chumba chenye giza, na watu wazima wakakaa kungoja upele utoke. Upele ukitoka wote, mgeni ameaga. Juu ya sheria hizo zote kulikuwa na moja kubwa: mgeni hadungwi sindano. Ukimdunga anakasirika, anarudi ndani ya mwili, na akiondoka anaondoka na mtoto.

Aliyetufundisha haya ni Kukhu. Ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita nyanya, na huyu alikuwa mama yake baba. Sitaki mtu amfikirie kuwa mwanamke mkorofi. Alikuwa mcheshi, mpenda watoto, na kuku wake wote walikuwa na majina ya wake za machifu. Lakini zamani alikuwa na binti mdogo, shangazi ambaye sikumkuta, aliyepatwa na mgeni huyo huyo. Kukhu alimbeba mgongoni hadi hospitali, mtoto akadungwa sindano, na akakata roho wangali wamekaa kwenye benchi. Kukhu alikuwa na macho, na macho yake yalimwonyesha kwamba kitu cha mwisho kumgusa mtoto wake kabla ya kufa ni sindano. Leo nikijiweka mahali pake, sioni ni kitu gani kingine angeamini.

Baba alikuwa akifanya kazi kwenye ghala la mahindi Kitale mjini, na alirudi nyumbani mwisho wa wiki. Mimi nilizaliwa wakati mama akiishi naye huko kwenye chumba cha kupanga, kwa hiyo nilipata chanjo zangu zote. Ndugu yangu Wekesa alizaliwa baada ya mama kurudishwa Saboti kulima. Safari ya kumpeleka kliniki iliahirishwa kwa sababu ya palizi, halafu kwa sababu ya mvua, halafu kwa sababu ya mavuno, mpaka ikawa kana kwamba haikuwahi kupangwa. Hakuna aliyekataa. Ilisahaulika tu, kama zinavyosahaulika shughuli nyingi za nyumba yenye shamba.

Wekesa alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukimbia. Jina langu, Nasimiyu, lilimshinda kabisa, akaamua kuniita "Wewe". Asubuhi akiamka alikuwa akisimama mlangoni na kupaza sauti, "Wewe! Wewe beba!" na mimi, mkubwa mzima niliyekwisha kujua kusoma, niliacha nilichokuwa nafanya nikaenda kumbeba. Nilimpenda mtoto huyo kupita kiasi. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu kwetu hatukuwa na desturi ya kuyasema mambo hayo wakati mtu yuko hai.

Mgeni alimjia wakati wa likizo ya Agosti, mvua ikinyesha kila alasiri. Alianza kwa macho mekundu na kikohozi, joto likapanda, kisha upele ukachomoza nyuma ya masikio na kuteremka usoni na kifuani. Kukhu alifurahi. "Huyu ametoka vizuri," alisema akimwangalia kwa mwanga wa dirisha. "Huyu mgeni yake ni ya heshima." Machicha yalipakwa, kitunguu hakikukaangwa, na mimi nilikatazwa kuimba hata nikiosha vyombo.

Kisha upele ukaanza kuwa mweusi, na ngozi ikabambuka vipande vidogo vidogo kama majivu. Kwa sheria ya Kukhu, huo ndio wakati mtoto anapoomba chakula. Wekesa hakuomba. Alikuwa akipumua haraka haraka, na kila alipovuta pumzi ngozi iliingia chini ya mbavu zake. Mama alikaa naye mapajani akikitazama kifua kile.

"Mama, mtoto anapumua vibaya," alimwambia Kukhu.

"Ni mgeni anafunga mizigo," Kukhu alimjibu. "Ngoja."

Tukangoja. Mtu asiyelijua boma kama letu atauliza kwa nini mama hakuinuka akaenda. Mama alikuwa mkaza mwana katika nyumba ya watu, mumewe yuko mjini, na anayesema ngoja ni mwanamke aliyemfundisha hata jinsi ya kumwosha mtoto. Isitoshe, mama aliamini. Hilo nalo lazima liandikwe. Alimwogopa mgeni na aliiogopa sindano, na kati ya hofu hizo mbili kulikuwa na mtoto wake.

Ilifika siku ambayo Wekesa alikataa ziwa. Nilimnyang'anya kijiko alichopenda kuking'ang'ania, naye akaniachia bila kulia. Mama aliliona hilo. Alichukua leso, akamfunga Wekesa mgongoni, akanitupia macho, nami nikachukua chupa ya uji nikamfuata.

Kukhu alisimama mlangoni. "Ukitoka kwa hii mlango umpeleke kwa sindano, usirudi hapa kunililia. Mimi nilizika yangu. Nakuambia, huyu ikidungwa ataisha."

"Basi nitalia huko huko, Mama," mama alisema, akampita.

Sikuwahi kumsikia akimjibu Kukhu. Jibu hilo liliniogopesha kuliko ugonjwa wenyewe.

Zahanati haikuwa mbali, ila matope yalikuwa mengi na mama alikuwa akitembea nusu akikimbia. Nesi alikuwa msichana tu, wa umri wa binamu zangu wakubwa, amevaa sweta ya buluu juu ya sare. Alipomwona Wekesa alituingiza ndani bila kutupanga kwenye foleni. Alimvua shati. Alipitisha kidole kwenye ngozi iliyokuwa ikibambuka, kisha akainua macho akamwangalia mama.

"Imeanza lini hii, mama?"

"Ilianza jana, sista."

Niligeuka nikamtazama mama. Hata mimi nilijua haikuanza jana. Nesi hakubisha. Aliendelea kumwangalia kwa muda mfupi, halafu akainama na kusikiliza kifua. Nikawaza moyoni kwamba kumbe watu waliosoma ni rahisi hivi kudanganywa.

Alimtuma mtu atafute gari la kutupeleka Kitale, akasema mtoto anahitaji oksijeni na pale hawana. Akatayarisha sindano.

"Sista, si hiyo itamrudisha ndani?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Ni ya kifua. Mshike mguu."

Mama aliushika mguu. Wekesa alitoa sauti ndogo tu, ya mtu anayelalamika akiwa usingizini. Gari lilikuwa halijafika alipoacha kupumua mapajani mwa mama. Nesi alimchukua, akamlaza mezani, akahangaika naye kwa namna ambayo sikuielewa wakati ule, kisha mikono yake ikatulia.

Kukhu alikuwa ametufuata. Pamoja na maneno yake yote ya mlangoni, alikuwa ametufuata na magoti yake mabovu katika matope yale. Alifika barazani wakati mama anapiga yowe, akaketi chini palepale na kusema, "Nilisema. Nilisema mimi. Nilisema."

Na mama, ambaye muda mfupi tu uliopita alikuwa amempita Kukhu mlangoni kwa ajili ya sindano hiyo, alimgeukia nesi. "Umeniulia mtoto! Alikuja hapa akipumua! Umemdunga umemuua!" Alipiga kelele mpaka waliokuwa wakisaga mahindi kwenye posho mill ya jirani wakaja na unga kichwani kutazama. Alimwita majina ambayo sikujua kwamba anayajua. Kila nesi alipojaribu kusogea, mama alipandisha sauti zaidi. Nesi alifungua mdomo mara moja, akaufunga. Alimfumba Wekesa macho, akamkunja ndani ya leso yetu, akamkabidhi kwa mama kwa mikono miwili.

"Pole, mama," alisema. Hakuongeza kitu.

Ukimya ule ndio ulionisumbua miaka yote iliyofuata. Mimi nilikuwa mtoto wa kupiga kelele. Nikisingiziwa kula sukari niliruka, nikaapa, nikaita mashahidi. Kwa akili yangu, mtu asiye na hatia hujitetea. Yule hakujitetea, kwa hiyo alikuwa amemuua. Hukumu hiyo niliitoa nguo zangu zikiwa bado na matope, na sikuwa peke yangu. Habari zilienea kijiji kizima kwamba sindano ya nesi wa sweta ya buluu imemrudisha mgeni ndani. Baadaye alihamishwa, watu wakasema ametoroka. Watoa chanjo walipokuja shuleni kwetu, watoto wengi waliingia kwenye mahindi, na hakuna mzazi aliyetukemea.

Nilipomaliza kidato cha nne nikasema nataka uuguzi, nyumbani walishangaa. Baba alifurahi, mama akainuka kwenda jikoni, Kukhu akaniuliza, "Unaenda kufunzwa kudunga?"

"Ndiyo, Kukhu."

Jioni alinichinjia kuku, mmoja wa wale wenye majina. Chuoni tulipoulizwa kwa nini tumechagua kazi hii, kila mmoja alisema ni wito. Nami nilisema wito. Haikuwa kweli. Nilitaka kujua ni kitu gani kilikuwa ndani ya sindano ile, na kwa nini aliyeishika alinyamaza. Nilikwenda kusomea uuguzi kama mtu anayekwenda kufanya upelelezi katika nyumba ya adui.

Jibu la kwanza lilikuja darasani, asubuhi ya kawaida, mwalimu akieleza surua kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisa. Alisema inaweza kuteremkia kifuani na kuwa nimonia, na nimonia ndiyo huua wengi. Alisema mtoto akifikishwa mapema mara nyingi huokolewa. Kumbe sindano haikumrudisha mtu yeyote ndani. Ilimkuta mtoto amekwisha. Kisha akasema kwamba upele hauwi mweusi wala ngozi haibambuki siku ya kwanza. Huchukua siku kadhaa. Ukiona hivyo, alisema, jua mtoto amekaa nyumbani.

Niliacha kuandika. Nilimwona yule nesi akipitisha kidole kwenye ngozi ya Wekesa na kumwangalia mama. Alikuwa amejua. "Ilianza jana" haikumdanganya hata kidogo. Na alipoitwa muuaji mbele ya watu, alikuwa na jibu mkononi, jibu ambalo lingeifunga midomo yote barazani pale, na hakulitoa.

Hasira yangu ikahama kutoka kwake ikamwendea Kukhu. Nilipanga maneno ya kumwambia nikienda likizo. Hakuningojea, alifariki nikiwa bado chuoni. Nilimlilia sana mazishini, na nilikuwa nimemkasirikia sana, na hivyo viwili havikupunguzana hata kidogo.

Sasa nafanya kazi katika wodi ya watoto, hospitali moja ya Bungoma. Nimewaona watoto wengi wakirudi nyumbani wakikimbia, na ningependa kuandika kuhusu hao. Lakini kuna mwanamke mmoja aliyekuja kutoka upande wa Kamukuywa na mtoto wa kiume mgongoni, mama mkwe wake akimfuata nyuma. Nilimfunua mtoto. Ngozi ilikuwa ikibambuka.

"Imeanza lini?"

"Jana tu, sista," alisema, na macho yake yakakimbilia dirishani.

Tulifanya kila tulichoweza. Oksijeni ilikuwapo, daktari alikuwapo, dawa zilikuwapo. Mtoto alifariki siku iliyofuata, saa za mchana, muda mfupi baada ya mimi mwenyewe kumdunga. Mama mkwe alipiga kelele kwamba alisema, yeye alisema, sindano si ya ugonjwa huu. "Huyu ndio amemuua! Huyu hapa!" Wodi nzima iligeuka kuniangalia. Nilifungua mdomo. Maneno yote nilikuwa nayo, tena ya kitaalamu, na yalikuwa kweli tupu. Kisha nikamwona yule mama kijana. Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa amemkumbatia mtoto na kunikazia macho, akinisihi bila sauti nisiseme.

Niliufunga mdomo. "Pole, mama," nilisema.

Nilikwenda kulia kwenye stoo ya mashuka, na sikulia kwa sababu ya kutukanwa.

Jumamosi nilikwenda Saboti. Nilimkuta mama nje akichagua maharagwe kwenye ungo. Nilikaa karibu naye nikaanza kuchagua pia, na bila kumtazama nikamwambia jambo nililokuwa nimelificha tangu chuoni.

"Mama, ile siku ya Wekesa, yule nesi alijua haikuanza jana. Ngozi ilimwonyesha."

Vidole vyake havikusimama. "Nilijua anajua."

"Ulijua?"

"Si aliniangalia? Wewe hukuona vile aliniangalia? Ndio maana nilipiga kelele hivyo. Niliona nikinyamaza kidogo tu, atasema. Ati watu wote wasikie ni mimi nilikaa na mtoto kwa nyumba mpaka akaharibika."

"Na hakusema."

"Hakusema." Alitupa jiwe dogo kando. "Nikafikiria ananingoja nimalize kulia, halafu atakuja. Nikamngoja, Nasimiyu. Miaka mingi, nikiona nesi anapita hapa kwa barabara, naangalia kama ni yeye. Aje tu aniambie, tukiwa wawili. Hakukuja."

"Ungemsikiliza?"

"Ningemtukana tena," mama alisema. "Halafu ningemsikiliza."

Sikuwa nimewahi kuufikiria ukimya ule upande huo. Tangu darasani nilikuwa nimeuona kuwa wema, na ulikuwa wema kweli. Ulimhifadhi mama mbele ya watu siku ambayo asingeweza kubeba zaidi ya alichobeba. Lakini ulimwacha peke yake na siri yake, na ulituacha sisi wote na imani yetu, na sijui ni watoto wangapi wa kijiji chetu walifungiwa kwenye vyumba vya giza baada ya Wekesa kwa sababu ya sindano ambayo hakuna aliyeitetea. Simlaumu yule nesi. Alikuwa msichana, alikuwa peke yake, na alihamishwa. Pengine alitamani kuja akaogopa.

Wiki iliyofuata nilipopata siku ya mapumziko nilikwenda Kamukuywa. Nilimwambia mwenye bodaboda jina la kijiji nililoliona kwenye faili ya mtoto, na tulipofika nikauliza nyumba yenye msiba. Niliogopa njia nzima. Mama mkwe aliponiona langoni aliingia ndani na kufunga mlango. Yule mama kijana alikuwa akipalilia mboga za sukuma nyuma ya jikoni, amembeba mgongoni mtoto mwingine, mdogo zaidi. Alisimama na jembe lake.

"Umekuja kunisema, sista?"

"Hapana. Nimekuja kukuona."

Aliniletea kigoda, naye akakaa kwenye gogo. Mtoto wa mgongoni alikuwa akichezea kola yake. Hatimaye akasema, chinichini, akiangalia mlango uliofungwa:

"Haikuanza jana."

"Najua," nilimwambia.

Akalia, nami nikamsogelea. Hatukuzungumzia chanjo ya yule mdogo siku hiyo hadi nilipokaribia kuondoka, na ni yeye aliyeuliza.

Nikiulizwa leo kwa nini nilichagua uuguzi, siwezi tena kusema ni wito, na kueleza yote haya ni kazi ndefu. Niliingia kazi hii nikimtafuta aliyemuua ndugu yangu. Nimebaki ndani yake kwa sababu ya mama, ambaye alikaa miaka akiangalia barabara ya Saboti, akimngoja mtu wa kumtukana na kumsikiliza, na mtu huyo hakuja.